Mke Mwenza wa Chuma

Jumamosi, 3 Februari

Nimeletewa mke mwenza. Wa chuma, magurudumu sita, rangi ya majani makavu. Amekuja akivutwa na trekta, akaikata kamba yangu ya kuanikia na kuliangusha ua la michongoma upande mzima. Na baba watoto yumo ndani, nyuma ya usukani, anakata kona kama kwamba yeye ndiye anayeendesha! Mtu wa miaka sitini na mbili.

Lori la jeshi. La mnada. Aliniaga anakwenda kuangalia mabati. Nimemuuliza mabati yako wapi. Kanijibu haya hapa, ila yamekunjwa kidogo.

Sikucheka. Nimejifungia chumba cha kushonea na kukanyaga cherehani kwa hasira hadi sindano ikavunjika. Halafu nikachungulia. Mungu wangu, ukubwa wake! Tairi moja inanifika kifuani. Mlangoni namba nyeupe, imefifia. Dirisha langu lilikuwa linaona barabara, sasa linaona lori tu.

Jumapili, 4 Februari

Kigingi kaja, kama kila Jumapili. Jina kajipa mwenyewe. Mguu wa kushoto chini ya goti aliuacha jeshini, alipokuwa msaidizi wa mume wangu, dereva wa lori la jeshi. Miaka ishirini na miwili sasa utaratibu ni ule ule: asubuhi mume wangu anakwenda kumlimia shamba, mchana wanarudi wote kula kwangu. Watoto wanamwita baba mdogo. Suruali zake nazishona mimi.

Nilitegemea aniunge mkono. Kaingia getini anapiga domo — kanyamaza ghafla, mkongojo hewani. Akaisoma ile namba ya mlangoni, tarakimu moja moja. Akakalia ndoo yangu.

"Ndilo?"

"Ndilo," mume wangu kasema.

Basi. Wakaanza kucheka, wanalipigapiga lori ubavuni kama dume la ng'ombe, wanacheka hadi machozi. Ila Kigingi alinyamaza kwanza, mwenzake akabaki anacheka peke yake. Na mimi nimesimama na sahani tatu mkononi, mgeni kwenye uwanja wangu mwenyewe.

Jumatano, 7 Februari

Leo nimemuuliza mume wangu kinagaubaga. Malori yote ya dunia, kwa nini bovu hili? Alikuwa amelala chalichali chini yake, naona miguu tu. Nadhani ndiyo maana aliweza kusema.

Ni lori lile lile. La siku ya mguu wa Kigingi.

Ile siku naijua, nani hapa haijui? Kilima, mvua, lori limejaa askari kumi na mmoja. Katikati ya mlima likagoma kupanda, likaanza kuserereka nyuma kwenye tope, breki hazisaidii. Kigingi akaruka chini na jiwe, akalitia nyuma ya gurudumu. Jiwe likashika. Na mguu ukabaki pale pale. Watu kumi na mmoja na dereva wao wakarudi kwa mama zao.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Siku tatu kabla walivuka mto. Chini ya klachi kuna tundu, upana wa kidole gumba. Ukiingia mtoni unaliziba kwa kizibo cha kukaza, maji yasipenye. Ukitoka unakifungua — lazima! — maana injini huvujisha mafuta kidogo kidogo na hapo ndipo yanapodondokea. Ukikisahau, mafuta yanajaa humo, klachi inalowa, inateleza. Injini inanguruma, gari haliendi. Kama vile kilimani.

Kukiweka anakumbuka, alikikaza kwa mkono wake. Kukitoa hakumbuki. Miaka ishirini na miwili anajikumbusha, hakumbuki. Wakubwa walichunguza, wakasema ni uchakavu tu. Lori likaegeshwa, halikuguswa tena hadi mnada. Amekuwa akilifuatilia miaka yote, iwe heri au iwe shari.

"Kipo au hakipo," anasema. Na likipona, anataka kumpandisha Kigingi kilima kile hadi juu. Hawakufika, wale.

Nikamwambia basi si ufungue sasa hivi? Miguu ikatulia. Kwanza magurudumu, akasema.

Mume wangu huyu! Mimi siku zote nilidhani anapenda kulima.

Jumamosi, 10 Februari

Magurudumu. Kaja yule fundi wa njia panda, tunayemwita Fundi Haraka, na bomba refu la kuongezea nguvu kwenye spana. Upande wa kulia nati zimelegea vizuri. Upande wa kushoto akaning'inia kwenye bomba kama nguo kambani — paa! bolti imekatika. Paa! ya pili. Mume wangu katoka chooni mbio, anashika mkanda, anapiga kelele aache.

Kumbe upande wa kushoto nati zinakwenda kinyume! Ukidhani unafungua, unakaza. Fundi Haraka kabisha, kasema hajazaliwa mtu wa kumfundisha nati. Nikachukua kisu changu cha kufumulia, nikakwangua rangi juu ya bolti moja. Chini ya rangi kuna mshale mdogo sana, umechongwa kwenye chuma, unaonyesha pa kuzungushia. Kwenye kila bolti! Mume wangu kasema ni kwa sababu gurudumu likizunguka linajikaza lenyewe, halijifungui.

Nimekaa pale na kisu changu nikausahau wali jikoni. Mtu fulani, sijui wapi, sijui lini, aliwaza kwamba siku moja mtu aliyechoka atasimama hapa asijue azungushe wapi. Akamchongea mshale.

Fundi Haraka kaondoka kimya. Haraka haraka haina baraka, na leo baraka mbili zimekatika. Wali umeungua.

Jumapili, 11 Februari

Chini ya kiti cha dereva kuna sanduku la bati. Ndani yake: mfuko wa spana uliooza, filimbi, na kijitabu cha michoro. Maneno machache, picha tupu. Picha ya askari anapaka grisi, na kwenye lori lenyewe, pale pale, kuna duara jekundu! Nimezunguka na kijitabu mkononi nikayahesabu maduara. Thelathini na moja. Nilikuwa nawaita waume wawili wale kila nikipata jipya — mume na shemeji, niseme — "Njooni muone hili!" Wananicheka. Mke mwenza kakupata, Kigingi kasema.

Nikafika kwenye picha ya mto. Mkono unaweka kizibo. Picha ya pili, lori liko nchi kavu, mkono unakitoa. Ukurasa mzima umejaa alama za vidole vya grisi. Nikawaonyesha, mjinga mimi, sikufikiri.

Mume wangu akaenda kunawa. Kigingi akakichukua kijitabu, akakifunga, akakikalia. Akaanza habari za mvua. Mvua gani, na jua hili?

Jumatano, 14 Februari

Turubai. Hii sasa ni kazi yangu, hapa sifundishwi. Nimelitandaza uani, limefunika uani kote. Nimepata kiraka karibu na pembe, kimeshonwa kwa uzi wa viatu, kwa mkono. Mishono midogo, iliyolingana, na kila baada ya saba kuna fundo, ili ukikatika mmoja isifuate yote. Mama yangu alinifundisha hivyo hivyo. Kuna askari aliyefundishwa na mama yake.

Nilitaka nikifumue kiraka kile niweke kipya. Nimeshindwa. Nimeshona kukizunguka.

Nimeshona na mfuko mpya wa spana, kila spana na chumba chake. Ufunguo wa kizibo ni wa peke yake, kichwa cha pembe nne, hakuna mwingine unaoingia. Nimeupa chumba cha mwisho, kifuniko na kifungo. Mume wangu kauangalia, kapita.

Jumapili, 18 Februari

LIMEWAKA!

Betri mbili kubwa, kwa kuwa kwa moja lori halisikii. Mume wangu juu, Kigingi kwenye ndoo anaamuru, mimi na Fundi Haraka (karudi, hakuweza kukaa mbali) tunatia dizeli. Mara ya kwanza limekohoa. Ya pili limekohoa. Ya tatu — ardhi ilitetemeka, jamani. Vikombe vimegongana kabatini. Moshi mweusi, halafu wa kijivu, halafu hamna kabisa, ngurumo tu, nzito, tulivu. Limelala miaka ishirini na miwili, limeamka halina hata kinyongo! Nimeweka kiganja kwenye bodi nikausikia mdundo hadi kwenye bega. Nimelia. Sijui nimelia nini.

Mume wangu akaingiza gia. Akaachia klachi. Injini ikanguruma, ikapandisha, ikanguruma zaidi. Magurudumu hayajasogea hata unywele. Fundi Haraka kasema debe tupu haliachi kuvuma, akacheka peke yake.

Nilimtazama mume wangu kupitia kioo. Uso umemsawijika. Alikuwa kilimani.

Kigingi ndiye wa kwanza kusema. Klachi imekufa, kasema, liuzeni chuma chakavu, mmeshalifurahia inatosha. Kasema kwa sauti ya juu mno. Huyu huyu aliyekuwa akilipapasa kama mtoto! Na chakula hakumaliza. Kigingi, sahani haijamshinda tangu nimjue.

Jumatatu, 19 Februari

Mume wangu leo: amepaka rangi vishikio vya milango. Amesafisha vioo. Amekaza skrubu za kiti. Kesho taa, anasema. Anazunguka pembeni, katikati hagusi.

Nimemwambia Jumapili nafungua mimi. Penyewe pamebanwa na chuma, mkono wake haupiti, wangu unapita. Kasema sawa. Kasema anataka Kigingi awepo. Likitoka jibu baya amwambie macho kwa macho, asimwambie kwa mjumbe. Akaficha mikono kwapani.

Alhamisi, 22 Februari

Nimempelekea Kigingi suruali yake, nimekunja mguu wa kushoto kama kawaida. Kilichotokea sijui nianzie wapi.

Hakuipokea suruali. Kaniuliza tu, Jumapili mnafungua? Nikasema ndiyo. Kaniambia shemeji, kaa.

Mume wangu alimwambia akitoe. Ndivyo alivyosema! Wametoka mtoni, mume wangu anazungumza na mkubwa wao, akamgeukia akasema toa kizibo. Kigingi alikuwa anakamua soksi zake. Akajibu, tayari. Alimaanisha atakitoa baada ya soksi. Ukaja wito wa kuondoka. Halafu ukaja usiku, halafu kesho yake, halafu kilima.

"Injini iliponguruma vile, mimi nilijua kabla yake," kasema. "Unadhani kwa nini nilikuwa chini na jiwe kabla hajapiga hata honi? Watu wanasema ushujaa. Ushujaa gani! Nilikuwa najua tu."

Nishani yake ameitundika nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi haionekani. Miaka yote ninaingia mle sikuwahi kujiuliza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hospitalini alishindwa. Akarudi nyumbani, Jumapili ya kwanza tu mume wangu huyo, na jembe begani, hajaitwa. "Nikasema akimaliza tuta hili nitamwambia." Kajaribu kucheka. "Tuta halijaisha, shemeji."

Mwanzoni nilitaka kuuchukua ule mkongojo nimcharaze nao. Kweli kabisa. Mgongo wa mume wangu umepinda kwenye shamba lile! Nikamuuliza, unajua kwa nini analima? Akasema urafiki. Nikamwambia, anadhani ni yeye. Anadhani alisahau kukitoa. Hata kukuagiza hakumbuki.

Macho yalimtoka pima. Hakujua. Wallahi hakujua. Akaweka mkono pale mguu unapoishia, nje kuku wanaparua.

Hasira yangu ikaniishia pale. Nilibaki namshangaa tu. Mtu alisema neno moja la uongo, uongo wa uvivu, wa soksi. Na alipouona unakuja, alikwenda kuuzuia kwa mwili wake. Halafu kuusema ndiko kumemshinda!

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nimemwambia: Jumapili mafuta yatasema. Sema kabla ya mafuta. Mimi sitasema.

Sasa niko hapa, mume wangu chumba cha pili ananiuliza suruali imemkaa? Nimesema imemkaa.

Jumapili, 25 Februari

Naandika upesi. Wako nje.

Kigingi kaja mapema. Hakwenda shambani mume wangu leo, wote wawili walikaa tu kwenye ndoo, bega kwa bega, wanaliangalia lori kama watu waliofika msibani mapema. Kigingi amevaa ile suruali niliyomwachia. Kafungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza kauliza chai. Mara ya pili kafunga bila neno. Nilimkodolea macho. Akatazama chini.

Mume wangu kasema haya mama, ingia, tumalize.

Nikapiga moyo konde nikaingia chini. Chini ya lori ni dunia nyingine, kumetulia, kunanuka mto. Kweli, mto! Tope lililoganda pale juu si la uwanja wangu, ni jeusi, lina vijiwe vidogo vya mviringo. Lile lile la siku ile. Nimelikwangua kwa kisu cha kufumulia, taratibu, linaniangukia usoni. Unene wa vidole vitatu. Kisu kikagonga chuma.

Nikaingiza kidole. Nikapapasa.

Pembe moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kipo.

Sijui nilikaa muda gani na kidole kimeshika kile kitu. Kidogo hivi! Kinaingia kwenye kiganja cha mtoto. Kimekula mguu wa mtu na mgongo wa mtu na Jumapili zote za nyumba hii, na kimekaa humu gizani kimekazwa vizuri, kimefanya kazi yake sawasawa kama kilivyoagizwa. Nimekiogopa.

Juu yangu sauti ya mume wangu: umekiona? Kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Nimesema tope jingi, sijaona vizuri, nahitaji ufunguo wa pembe nne. Haupo hapa, nimesema, nimeuacha ndani. Nikatoka, nikasimama, nikampita Kigingi karibu hadi aproni yangu ikamgusa. Nikamtazama. Alielewa, ninaapa alielewa. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Ufunguo ninao mfukoni. Unanigonga paja.

Dirishani naona chini ya lori. Ndoo mbili. Miguu mitatu na mkongojo.

Mume wangu kaniita, mama, umeupata? Nimejibu kwa sauti, bado natafuta!

Wamekaa. Kigingi, sema. Sema baba, sema.

Mume wangu kaita tena. Bado natafuta!

Sasa ncha ya mkongojo inachora kitu mchangani. Mstari. Mstari mwingine. Nasikia sauti ya Kigingi, ndogo, maneno hayafiki hapa. Ameongea. Amenyamaza. Anaongea tena — ndefu sasa, haikatiki. Mkongojo umeanguka, umejibiringisha hadi mbali, hajauokota. Anaongea tu.

Amemaliza.

Miguu ya mume wangu imesimama. Inaondoka. Imepita gurudumu la mbele, imefika getini. Imesimama hapo, visigino kwangu. Ule mmoja uko pale pale kwenye ndoo, hauwezi kwenda popote, mkongojo uko mbali na mwenyewe.

Hajaniita tena. Hajauliza ufunguo.

Nimesimama, naandikia kwenye meza ya cherehani, mwandiko wenyewe siusomi.

Inarudi. Miguu inarudi, polepole, ile ya shambani, ya kuvuka matuta. Imefika kwenye mkongojo. Naona mkono wake unashuka, unauokota, unaufuta mchanga kwa shati.

Ameushika. Hajampa bado. Ameushika tu, amesimama mbele yake.